Keki ya Kosa

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeanza! Nina miaka thelathini na sita, nimewafundisha historia watoto wa darasa la saba hadi sauti ikakwaruza, na leo nimekaa tena kwenye kiti cha mwanafunzi. Kiti ni kigumu, mgongo unauma, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivi.

Shahada yenyewe ni ya uzamili, inaitwa Maji na Jamii. Chumba kimejaa wahandisi, wanasheria, wanabaiolojia, jamaa mmoja aliyesomea muziki, na mimi. Msimamizi wetu Torkild, mrefu hadi anainama mlangoni, alisimama mbele akasema, "Humu ndani hakuna anayejua. Kila mmoja ana kipande chake. Kazi yenu ni kugombana mpaka vipande vishikane." Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Jioni kaka yangu Jørn alinipigia simu kutoka zizini, ng'ombe wanalia nyuma yake.

"Enhe, profesa Solvej! Umeshaamua utakuwa nani?"

"Raha yake ndiyo hiyo, silazimiki kuamua."

"Yaani unasoma vitu vinne kwa mpigo ili usijue hata kimoja."

"Jørn, nenda kakamue."

Alicheka, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nikifeli itakuwaje. Nikamwambia ukweli. Kazi ya kikundi ya muhula huu ndiyo mlango: asiyefaulu mtihani wa Januari haendelei. Shule imenishikia nafasi yangu hadi Februari. Nikifeli, narudi darasa la saba kuuliza nani kala chaki.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya kuunda vikundi. Torkild alitugawia karatasi kubwa, akasema, "Andikeni mnachotaka kukijua, bandikeni ukutani, halafu tafutaneni," akatoka nje na kufunga mlango. Kwetu huwa hivyo: mwalimu harudi mpaka kila mtu apate wenzake. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kumkataa mwenzake usoni, watu walizunguka chumba na vikombe vya kahawa saa nzima wakisema "wazo zuri sana" na kusogea mbele.

Kijana mmoja hakuzunguka. Alisimama dirishani na karatasi yenye maneno matatu tu: Maji yatafika wapi? Nikamfuata.

"Yatafika wapi, wapi?" nikauliza.

"Nørre Hvam," akasema. "Kijiji cha kwenye fyodi, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Wanataka kujenga tuta la kuzuia maji. Hawajui liwe refu kiasi gani."

"Na wewe unajua?"

"Nikipata namba nitajua."

Basi. Akageukia dirisha. Anaitwa Esben, mhandisi, umri wa kuwa mwanafunzi wangu. Nikaona huyu ana kiburi. Nikakaa naye hata hivyo kwa sababu maneno yake matatu yalinisisimua kuliko hotuba zote za chumbani.

Tulipokuwa hapo akaja mama wa nywele fupi nyeupe, koti limefungwa vifungo vyote. "Mna nafasi ya ajuza?" Ni Vibeke, mwanasheria wa halmashauri maisha yake yote, kastaafu mapema ili aje kusoma. Akaketi kabla hatujajibu, akatoa kalamu, akatuuliza nani atakuwa anaandika kumbukumbu za vikao. Nikasema moyoni, Mungu wangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Ugomvi wa kwanza, na ulikuwa mtamu!

Nilisema tunahitaji ushahidi. Esben akasema anakubali, ushahidi ni vipimo. Nikasema hapana, ushahidi ni kile watu walichoacha: barua, makaburi, mawe. Vibeke akasema wote tumekosea, ushahidi ni kile ambacho hakimu anakikubali. Tulibishana hadi mkahawa ukafungwa. Kila mtu alikuwa anatumia maneno ya kwao, na kila mtu aliona aibu kuuliza maana yake.

"Sikilizeni," Vibeke akasema. "Ofisini kwetu aliyeharibu kazi alileta keki siku iliyofuata. Tufanye vivyo hivyo. Ukitumia neno ambalo wenzako hawalielewi, unaoka. Ukikosea jambo lolote, unaoka."

"Mimi sijui kuoka," Esben akasema.

"Basi utajifunza kuongea."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Esben naye alitabasamu, mara moja tu, akijificha nyuma ya kikombe.

Jumanne, 10 Septemba

Esben alileta keki. Imeungua chini, mbichi katikati. Tuliila yote.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua. Nimesoma sheria za ufuo kurasa tele. Nimeelewa nusu. Keki ni yangu.

Ijumaa, 27 Septemba

Tumerudi sasa hivi kutoka Nørre Hvam na siwezi kutulia, naandika nikiwa bado na viatu vya matope.

Kijiji ni nyumba chache, ukumbi wa mikutano, na kanisa jeupe juu ya kilima kidogo. Chini yake majani ya malisho yanaenda moja kwa moja hadi majini. Alitupokea Dagny, mwenyekiti wa ukumbi, mama mnene mchangamfu ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya maji. Alikuwa ameshatengeneza kahawa na mikate ya mdalasini kabla hatujafika.

"Nyinyi ndio wasomi?" akasema. "Nilidhani mtakuja na mashine."

"Mashine ni huyu," Vibeke akamwonyesha Esben.

"Haya, mashine, kula."

Kisha akatupeleka kanisani. Kando ya mlango, kwenye jiwe la ukuta, kuna mstari umechongwa, mrefu kama mkono wangu, usawa wa kifua. Hauna mwaka wala jina. Wanakijiji wote wanajua ni alama ya maji, lakini hawajui ni ya maji yapi, kwa sababu mafuriko yalikuja mara mbili. Yalikuja makubwa zamani sana, karne mbili nyuma, na yakaja mengine madogo zama za babu yake Dagny.

Kila kitu kiko hapo! Kama mstari ni wa mafuriko makubwa, basi tunajua maji ya fyodi hii yakikasirika kabisa yanafika wapi, na tuta litajengwa kupita hapo kidogo. Lakini kama mstari ni wa yale madogo, basi makubwa yalipita juu zaidi, hakuna ajuaye kiasi gani, na tuta la urefu huo litakuwa fupi. Kazi yangu ni kusema mstari ni wa mafuriko yapi. Kazi ya Esben ni kukokotoa urefu. Kazi ya Vibeke ni kujua ardhi ya nani itachimbwa.

Nilipitisha kidole kwenye ule mstari. Jiwe lilikuwa la baridi na limelowa. Nilitamani kumpigia kelele aliyeuchonga: ungeongeza mwaka tu, bwana wewe!

Dagny alitusindikiza hadi kituo cha basi. "Mimi msinipe vitabu," akasema. "Nipeni urefu. Watu wa kuchimba nitawapata mwenyewe."

Jumanne, 15 Oktoba

Likizo ya viazi, ile ya vuli ambayo zamani watoto walienda kuvuna viazi. Watoto wote wa mtaa wako nyumbani na wanapiga mpira ukutani kwangu. Zamani wiki hii nilikuwa nasahihisha insha. Sasa nasoma barua za mchungaji aliyekufa zamani, na ninazifurahia kama porojo za jirani. Analalamika mafuriko makubwa yamemchukulia nguruwe wawili na benchi moja. Maji yaliingia kanisani, anasema. Hasemi kiasi gani. Ah, mchungaji!

Jumatatu, 21 Oktoba

Vibeke amenirudishia kurasa zangu zimejaa wino mwekundu. "Unaandika vizuri mno," akasema. "Nikisoma nasahau kuuliza kama ni kweli." Nilinuna siku nzima. Yule mama anachokonoa kila kitu, hata nukta. Jørn alisema kwenye simu, "Afadhali umepata mwalimu." Nikamkatia.

Jumatano, 6 Novemba

Leo ni leo!

Nilikuwa nimekwama wiki mbili. Barua za mchungaji zinasema maji yaliingia kanisani, mstari uko mlangoni, mambo yanaelekea kukubaliana lakini hayashikani. Nikamfuata Esben maabara. Alikuwa mbele ya kompyuta na soksi zake za sufu, picha ya fyodi kwenye kioo, maji ya bluu yanapanda na kushuka.

"Esben, niambie kitu kimoja. Yale mafuriko makubwa ya zamani, yangeweza kufika kwenye ule mstari?"

Akabofya, akasubiri. Maji ya bluu yakapanda malisho, yakazunguka nyumba ya Dagny, yakakwea kilima, yakasimama.

"Yanafika pale pale," akasema.

"Pale pale kabisa?"

"Tofauti ni upana wa kidole."

Nilimkumbatia. Alikauka kama ubao, maskini, lakini hakunisukuma. Basi mstari ni wa mafuriko makubwa! Jiwe la kanisa na kompyuta vimesema neno lilelile, na vilikuwa havijuani! Ndiyo maana niliacha darasa langu. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli kwenye mvua ya upande upande nikiimba nyimbo za Krismasi mwezi mmoja kabla ya wakati wake, na nikaandika sura yangu yote kwa kikao kimoja.

Jumanne, 19 Novemba

Upepo mkubwa tangu alfajiri. Fyodi imepanda, malisho ya Nørre Hvam yamefunikwa. Dagny ametutumia picha ya kreti la maziwa likielea uani kwake, na maneno: "Harakisheni, wasomi." Esben alishinda maabara akilinganisha picha ile na hesabu zake. Hakula. Nilimpelekea mkate wa maini ya kusaga na tango la siki, akaula bila kuangalia. Nadhani nilikosea kuhusu kiburi chake. Ni mtu ambaye namba mbaya inamuumiza tumbo.

Jumapili, 1 Desemba

Tumewasha mshumaa wa kwanza wa Majilio kwa Vibeke. Ametuchemshia divai ya viungo na kutusomea ripoti yote kwa sauti, kurasa zote, kama hakimu. Alipofika kwenye sura ya mstari alirudia aya moja mara mbili.

"Hapa pamenyooka mno," akasema.

"Ndiyo uzuri wake," nikasema.

"Labda." Akaendelea kusoma.

Torkild naye ameshapitia rasimu mara ya tatu. Pembeni ya sura ile aliandika: Safi sana!

Jumatano, 18 Desemba

Tumewasilisha! Ripoti moja, majina matatu, na kuanzia leo hairuhusiwi kubadilisha hata herufi. Tulikula chungwa dogo moja moja uani, kwenye baridi, tukapeana mikono kwa heshima, halafu Vibeke, mwanasheria mwenye vifungo vyote, akaruka juu mara mbili kama mtoto. Nampenda yule mama. Septemba ningekataa kuandika hivyo hata kwa kulazimishwa.

Jumanne, 24 Desemba

Nyumbani kwa Jørn. Bata, viazi vilivyokaangwa kwa sukari, tukashikana mikono kuuzunguka mti tukiimba. Jørn aliimba vibaya kwa makusudi. Aliniuliza mtihani wenyewe ukoje, nikamwambia: tunaingia wote watatu pamoja, na kila mtu anaulizwa sehemu ambayo hakuiandika yeye.

"Yaani wewe utaulizwa hesabu?"

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Jørn!"

"Naja na bendera, kama za siku ya kuzaliwa," akasema. "Kushinda au kushindwa, naja na bendera."

Jumatano, 8 Januari

Nitaandika taratibu.

Leo tulikutana kufanya mazoezi ya mtihani. Vibeke alijifanya mtahini, amekaa nyuma ya meza na miwani imeshuka puani. Esben alitakiwa kueleza sehemu yangu, mimi nieleze ya Esben. Wiki nzima tulikuwa tumefundishana, na tulikuwa tunaringa.

Esben alianza. Alieleza barua za mchungaji, nguruwe, benchi. Alieleza mafuriko mawili. Nilijivuna kama mama wa bwana harusi.

"Na mnajuaje mstari ni wa mafuriko makubwa?" Vibeke akauliza.

"Kwa sababu hesabu zinaonyesha mafuriko makubwa yangefika pale pale."

"Vizuri. Solvej. Hizo hesabu. Esben alijuaje maji yale yalikuwa mengi kiasi gani, wakati siku zile hakukuwa na vipimo?"

Nilikuwa naijua hiyo. Nilikuwa nimeikariri. "Alihitaji urefu mmoja unaojulikana wa siku ile," nikasema, "ili kompyuta ianzie hapo. Akauchukua kwenye..."

Nikafunua ripoti, ukurasa wa namba zake.

"Akauchukua wapi?" Vibeke akasema.

"Kwenye mstari," nikasema. "Wa mlangoni."

Nje mtu alikuwa anakwangua theluji kwenye gari. Esben alikuwa amekuwa mweupe kama ukuta.

"Solvej," akasema polepole, "nilichukua mstari kwa sababu kwenye kikao cha Oktoba ulisema ni wa mafuriko makubwa."

"Nilisema nadhani! Nilikuja kukuuliza wewe ili nihakikishe!"

"Mimi nilidhani umeshahakikisha. Wewe ndiye wa historia."

"Na wewe ndiye wa hesabu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Niliiuliza kompyuta kama maji yalifika kwenye mstari, na kompyuta ilikuwa imeambiwa tangu mwanzo kwamba yalifika kwenye mstari. Ingejibu nini kingine? Ndiyo maana tofauti ilikuwa upana wa kidole. Mimi nilimwegemea yeye, yeye aliniegemea mimi, na chini yetu hakukuwa na kitu. Ile siku niliyoimba kwenye mvua nilikuwa naimbia kivuli changu mwenyewe.

Na nani angeuliza? Hakuna kati yetu anayetaka kuonekana anamtilia shaka mwenzake kwenye fani yake. Tulitozana keki kwa maneno magumu, lakini kwenye swali rahisi kuliko yote, ulijuaje, tulikuwa na adabu mno.

Vibeke alivua miwani. "Nilisema pamenyooka mno," akasema. Kisha akaongeza, "Na nikaendelea kusoma. Kwa hiyo na mimi nimo."

Alhamisi, 9 Januari

Tumekutana tena. Nitaandika nilichosema, ingawa kinanichoma.

Nilisema tunyamaze. Nilisema Torkild hakuona, mtahini wa nje labda hataona, tupite kwanza, halafu muhula ujao turekebishe. Nilikuwa naliona darasa la saba mbele yangu, madirisha yale, harufu ile ya makoti yaliyolowa.

Nilimgeukia Vibeke nikitegemea anikemee. Hakunikemea. "Kisheria hatulazimiki kusema chochote," akasema. "Ripoti ni ile iliyowasilishwa. Tunaulizwa, tunajibu." Lakini hakutuangalia usoni.

Esben ndiye aliyesimama. Sijawahi kumsikia akiongea kwa kirefu hivyo.

"Jana sikulala. Mstari ukiwa wa mafuriko madogo, tuta litapitwa. Si mwaka huu, si ujao. Lakini siku moja litapitwa, na watu watakuwa wamelala nyuma yake kwa sababu sisi tuliwaambia walale. Mimi namba yenye jina langu ikiwa mbovu siwezi hata kula. Fanyeni mnavyotaka. Mimi nikiulizwa, nasema."

"Na usipoulizwa?" nikasema.

Akachukua koti lake akaondoka.

Ijumaa, 10 Januari

Dagny kapiga simu. Anacheka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nasikia mmemaliza! Nileteeni nakala, tutaisoma ukumbini Februari. Fundi wa tingatinga nimeshamwambia akae tayari. Niambie tu, huo urefu mmeupata?"

Nikasema, "Tuna mtihani Jumatano, Dagny. Nitakupigia baada ya hapo."

"Haya mwanangu. Hamtashindwa, nyie."

Niliweka simu chini nikalia. Ndiyo, nililia, mwanamke mzima jikoni na fulana ya kulalia. Nikafikiria kreti lile la maziwa likielea uani. Halafu nikamwandikia Esben neno moja: Tunasema. Nikamwandikia Vibeke hivyo hivyo. Vibeke akajibu papo hapo, kana kwamba simu ilikuwa mkononi: "Asante. Nilikuwa nangojea mmoja wenu awe jasiri kuliko mimi. Nani anaoka?"

Jumanne, 14 Januari

Tumeoka wote watatu jikoni kwangu. Keki ya nazi na sukari ya kahawia, sinia zima. Esben alipima unga mara tatu. Haikuungua! Aliitazama ilipotoka kwenye oveni kana kwamba ameona mwezi karibu.

Sasa naogopa, nasema wazi. Lakini chini ya woga kuna kitu kinachochezacheza, na nimekitambua. Ni furaha. Nataka kuingia kile chumba.

Jumatano, 15 Januari

Mtahini wa nje anaitwa Ragnhild, mama mfupi kutoka chuo kingine, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Ripoti yetu ilikuwa mbele yake, imejaa vikaratasi vya njano. Torkild alikaa pembeni yake akitutabasamia, maskini, hajui linalokuja.

Esben aliweka sinia katikati ya meza.

"Oo," Ragnhild akasema. "Nani kazaliwa leo?"

"Hakuna," Vibeke akasema. "Ni keki ya kosa."

Tabasamu la Torkild likabaki usoni bila mwenyewe. Ragnhild aliweka kalamu chini.

Nilienda ubaoni. Nilichora kanisa, nikachora mstari, nikachora kompyuta, nikachora mshale kutoka kwenye mstari kwenda kwenye kompyuta na mshale wa pili kurudi kwenye mstari. Nikasema, "Ukurasa wa arobaini tunasema vitu viwili vinathibitishana. Havithibitishani. Ni kitu kimoja kinajitazama kwenye kioo." Nikaeleza hesabu za Esben, hatua moja baada ya nyingine, mimi wa historia, na sikukwama popote. Esben akaeleza kosa langu, kwa upole kuliko nilivyostahili: kwamba barua zinasema maji yaliingia kanisani lakini hazisemi kiasi gani, na kwamba mtu akitaka sana jibu hulisikia hata pasipo na sauti. Vibeke akaeleza tuta likijengwa kwa namba hii ni nani atawajibika, na kwamba kijiji lazima kiambiwe kabla ya fundi wa tingatinga.

"Kwa hiyo urefu ni upi?" Ragnhild akauliza.

"Hatujui," nikasema. "Bado. Lakini tunajua pa kutafuta." Esben akaeleza tope la malisho: mafuriko huacha mchanga wa bahari chini ya majani, na mchanga hausikilizi kikao cha mtu yeyote. Unachimba, unaona ulipanda kilima hadi wapi.

Ragnhild alituuliza maswali kwa muda mrefu. Yalikuwa magumu, na mawili sikuyajua, nikasema siyajui. Kisha tukatolewa nje ili wakubaliane.

Kwenye korido alikuwa amesimama Jørn, buti za zizini miguuni, anapeperusha vibendera vitatu vya karatasi.

"Vipi?"

"Tumewaambia tumekosea."

"Mmewaambia wenyewe?" Akanitazama, akamtazama Esben, akamtazama Vibeke na vifungo vyake. "Mna wazimu," akasema, akampa kila mmoja bendera yake.

Tulipoitwa, sinia lilikuwa limepungua. Ragnhild alifungua ripoti ukurasa wa arobaini akatugeuzia. Pembeni alikuwa ameandika kwa wino wa kijani, mstari chini yake mara mbili: Nani alianza, jiwe au kompyuta?

"Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza," akasema. "Nilikuja nimejiandaa kuona mtalizunguka vipi. Ripoti yenyewe haifikii kufaulu. Kilichotokea chumbani humu kinafikia na kupita. Saba. Saba. Na saba."

Saba! Ya juu kabisa ni kumi na mbili; saba ni alama ya katikati, alama ya mtu wa kawaida asiyejulikana, lakini ni kufaulu. Tulipiga kelele hadi mlango wa jirani ukafunguliwa. Esben alinikumbatia yeye mwenyewe, wa kwanza, kwa nguvu hadi bendera ikavunjika. Jørn alimbeba Vibeke juu, na koti lake likapoteza kifungo, na hakukiokota.

Nilimpigia Dagny nikiwa bado koridoni. Nilimwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo fundi asubiri."

"Asubiri. Na sisi tunakuja kuchimba."

"Njooni na buti basi," akasema. "Safari hii na mimi nachimba."

Alhamisi, 16 Januari

Muhula wa pili umeanza. Tulikuwa tumekaa watatu mezani petu, tunachora pa kuchimba, mlango ukafunguliwa. Torkild aliinama akaingia. Mkononi alikuwa na keki, imeungua chini.

"Nilisoma mara tatu," akasema. "Na nikaandika safi sana."

Esben ndiye aliyesogeza kiti, akamkaribisha akae, kisha akachukua kisu na kukata vipande vinne.